Sura ya Nne: Kilomita Hazihesabu Foleni

Fungua mlango wa dereva wa gari lililoshushwa bandarini Dar es Salaam mwezi huu, kisha chungulia ubavuni mwa fremu, pale mlango unapojifungia. Mara nyingi utakuta karatasi ndogo ya kunata yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu chache za kalamu. Wenye yadi hawaibandui kwa sababu hawaisomi, na wanunuzi hawaiulizi kwa sababu hiyo hiyo. Ni karatasi ya gereji ya Japani inayosema oili ilimwagwa lini, gari likiwa na kilomita ngapi, na ilitakiwa kumwagwa tena lini. Ndani ya gari zima hakuna shahidi mkweli kuliko huyo.

Kuisoma si kazi. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Herufi H ni Heisei, enzi iliyoanza 1989, kwa hiyo jumlisha 1988: H28 ni 2016. Herufi R ni Reiwa, iliyoanza 2019, jumlisha 2018: R4 ni 2022. Ukikuta karatasi inasema R4, mwezi wa 6, kilomita 81,200, halafu dashibodi inaonyesha 64,000, huhitaji fundi akueleze kilichotokea. Mita imechezewa, na ratiba yoyote ya sevisi utakayoipanga juu ya hiyo 64,000 umeipanga hewani.

Nimeanza na karatasi hiyo kwa sababu gari jipya la mkazi wa Tegeta, Bunju, Chamazi au Toangoma, ukiacha wachache wanaonunua la kilomita sifuri kwa wakala, ni Toyota IST au Passo au Harrier ambayo Mjapani ameshaiendesha miaka kumi. Kitabu cha gari kinaongea na mtu aliyelipokea kutoka kiwandani. Sisi tunalipokea njiani, mkononi mwa mtu ambaye hatutamwona na hawezi kutueleza alilifanyia nini.

Kuna jambo moja tunalolijua juu ya mtu huyo. Japani gari dogo la familia hukaguliwa kwa lazima likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, shaken, huja na kodi yake na bima yake, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo matengenezo ya kulivusha yanavyoongezeka. Wengi huona heri kuliuza kabla ya tarehe hiyo. Sasa jiulize: mtu aliyeshaamua kuliuza gari mwezi ujao atalinunulia oili mwezi huu? Gari linaingia mnadani na oili ya zamani, linakaa yadi, linapanda meli kwa wiki kadhaa, linashuka Dar es Salaam, linasubiri makaratasi. Linapofika getini kwako, oili iliyo ndani ni ile ile.

Ndiyo maana sevisi ya kwanza haingoji kilomita 5,000. Inafanyika wiki ya kulitoa gari bandarini, kabla hujalipeleka kazini, na kilomita zilizo kwenye dashibodi siku hiyo ndizo sifuri yako. Huu ndio ushauri mkuu wa sura hii, na ndio unaopuuzwa kuliko wote, kwa sababu inayoeleweka kabisa: pesa imekwisha. Umelipa gari lenyewe, umelipa TRA ushuru pamoja na ile nyongeza ya uchakavu inayotozwa gari lililozidi miaka minane, umemlipa wakala wa forodha, umelipa bandari, namba na bima. Gari linaingia mtaani, majirani wanatoa pongezi, na mfukoni imebaki ya mafuta ya wiki. Sevisi inaambiwa ingoje mshahara, mshahara unakuja na ada ya shule, na hapo ndipo miezi sita inapopita. Dawa yake ni kuihesabu sevisi ya kwanza pamoja na gharama za kulitoa gari, kabla hujatuma hata senti Japani.

Katika siku hiyo ya kwanza, oili ya injini na filta yake havina mjadala. Ea klina ifunguliwe, plagi zitolewe ziangaliwe, na mafuta ya breki yabadilishwe. Haya ya breki mafundi wengi wa mtaani huyaongeza tu, hawayamwagi, na hapo nawalaumu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na mafuta yenye maji ndani yake huchemka mapema breki zinapopata moto. Japani ni kawaida kuyabadilisha kila gari linapokwenda kukaguliwa. Kwetu, katika unyevu wa pwani, yanaweza kukaa humo mpaka gari linauzwa tena.

Tairi nazo zisomwe. Kila tairi ina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna magari yanayokuja na tairi za theluji, zenye mipasuo mingi myembamba na mpira laini. Zinapendeza macho, zina meno marefu, na muuzaji atakwambia ni mpya. Lami ya Barabara ya Kilwa saa saba mchana itazila upesi.

Kisha kuna mkanda wa taiming. IST ya 2002 hadi 2007, iwe na injini ya 2NZ au 1NZ, hutumia cheni ya taiming, na cheni hiyo haina tarehe ya kubadilishwa mradi oili ibaki safi. Lakini Mark II yenye injini ya 1G-FE hutumia mkanda, na Land Cruiser ya 1HZ vilevile, ambayo ina hata taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya kukumbusha kila kilomita 100,000. Hapo ndipo mita iliyochezewa inapogeuka hatari. Dashibodi ikisema 70,000, mwenye gari anaona bado ana 30,000 za kutembea. Kumbe mkanda umeshavuka muda wake zamani, na siku ukikatika njiani gari halitatoa taarifa. Gari la mkanda lisilo na karatasi ya kuaminika, badilisha mkanda siku ile ile unayomwaga oili. Cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani mara nyingi huandika kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Mwombe wakala wako nakala, maana akishamaliza kazi yake makaratasi hayo hupotea.

Giaboksi inataka tahadhari zaidi kuliko haraka. Mafundi wetu huita mafuta yake haidroliki, na wengine wana dumu moja la haidroliki kwa magari yote. IST ile ya zamani yenye gia nne hutumia aina ya T-IV. Nissan X-Trail ya T31 na Dualis zenye CVT zinataka mafuta ya CVT ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, na ukizitilia haya ya kawaida umeanza kuhesabu siku za giaboksi yako. Kama fundi hawezi kukutajia aina ya mafuta kwa jina kabla hajafungua boliti, iache giaboksi ilivyo mpaka umpate anayeweza.

Baada ya siku ya kwanza, swali linarudi: lini tena?

Fundi wa chini ya mwembe pale Tandika au Mwenge atajibu bila kufikiri: "Elfu tano, bosi." Kitabu cha Toyota cha Japani kinasema tofauti kabisa. Kwa injini ya petroli isiyo na taboa, oili hubadilishwa kila kilomita 15,000 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Ukisikia hivyo unaweza kudhani fundi anakula pesa yako mara tatu. Lakini kitabu hicho hicho kina ukurasa mwingine, wa magari yanayofanya kazi ngumu, na kwa hayo muda unakatwa nusu: kilomita 7,500 au miezi sita. Kazi ngumu ni ipi? Safari fupi fupi zisizozidi kilomita nane. Barabara za vumbi na mashimo kwa sehemu kubwa ya mwendo. Kukaa injini inanguruma bila gari kusogea, au kwenda kwa mwendo wa konokono.

Soma tena orodha hiyo ukiwa Charambe au Madale. Mjapani aliyeiandika alikuwa anaeleza hali ya pekee. Kwetu ni Jumatatu ya kawaida.

Kwa hiyo fundi yuko karibu na ukweli kuliko anavyojua mwenyewe. Kasoro ya jibu lake ni kwamba anahesabu kilomita peke yake, na kilomita hazihesabu foleni. Chukua gari linalotoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri kwenda mjini, likirudi jioni, kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa. Mpaka litimize kilomita 5,000, injini imenguruma saa 333. Gari la aina ile ile linalokwenda na kurudi Dodoma kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa hutimiza 5,000 hizo kwa saa 83. Dashibodi zote mbili zinasema jambo moja, oili zimefanya kazi tofauti mara nne.

Wenye mitambo walishalijua hili. Greda, trekta na jenereta havina habari ya kilomita, vina saa. Majenereta mengi ya dizeli humwagwa oili kila baada ya saa 250, na hakuna anayeuliza jenereta limetembea umbali gani. Sisemi injini inayonguruma foleni inachoka sawasawa na ile inayovuta mzigo mlima wa Kitonga. Haibebi uzito huo. Lakini oili yake inapata moto bila upepo wa kutosha wa kuipoza, na vumbi na moshi wa daladala la mbele vinaingia pale pale. Ukikaa foleni kila siku ya kazi, 5,000 ni kikomo, na mimi ningemwaga kwa 4,000.

Kundi jingine linajidanganya kwa upande wa pili, nalo ni wenye magari yasiyotembea. Mama anaishi Mbweni, anapeleka watoto shule kilomita tatu, anapita sokoni, anarudi. Kwa mwaka mzima gari halijafika kilomita 4,000, na kila anayemwuliza anajibiwa kwamba sevisi bado. Lakini injini yake haijawahi kupata moto kamili. Katika safari fupi kama hizo, petroli isiyoungua na mvuke wa maji hushuka kwenye oili, na haupatikani muda wa joto la kuvitoa. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wa rangi ya maziwa, ndio huo. Kwake kalenda ndiyo inayoamuru: mara mbili kwa mwaka, kilomita ziwe ngapi ziwavyo, na Jumapili mojamoja alitoe gari mpaka Bagamoyo litembee.

Hapa nina neno na mafundi wanaotoa themostati. Hoja yao ni kwamba nchi yetu ni ya joto, gari halihitaji kifaa cha kuzuia maji kuzunguka. Matokeo yake ni injini inayochelewa kupata moto kila asubuhi, inakunywa mafuta, na oili yake inaharibika kama ile ya mama wa Mbweni hata kama inatembea mbali. Mara nyingi fundi huyo huyo ndiye aliyejaza rejeta maji ya bomba mahali pa koolanti, akashangaa gari likichemka. Koolanti ya waridi ya Toyota imetengenezwa kukaa miaka saba kwa mara ya kwanza. Ukishaichanganya na maji ya kisima cha Buza, hesabu hiyo imekufa.

Wapo ambao kwao kilomita zinatosha kabisa, nao ni madereva wa teksi za mtandaoni. Tangu Uber ilipoingia Dar es Salaam 2016, na wenzake wakafuata, IST imekuwa gari la kazi. Kwa kilomita 180 kwa siku, 5,000 inatimia ndani ya mwezi mmoja, hivyo miezi sita ya kitabu haina maana yoyote. Tatizo la kundi hili ni la makubaliano. Dereva yuko kwenye mkataba, analeta hesabu kila wiki, na gari litakuwa lake mkataba ukiisha. Mwenye gari anadhani dereva anamwaga oili kwa wakati kwa sababu mwishowe ni mali yake. Dereva, wiki ikiwa mbaya, anasogeza sevisi mbele ili hesabu itimie. Gari lililo kwenye mkataba linafaa kuandikiwa kilomita za sevisi ndani ya mkataba wenyewe, na picha ya dashibodi itumwe WhatsApp siku ya kumwaga oili. Bila hivyo anayekabidhiwa mwishoni hukabidhiwa injini ya kufungua.

Kuhusu oili yenyewe, nisirefushe. Usikubali injini iliyoundwa kutumia oili nyepesi ya 0W-20 au 5W-30 ijazwe 20W-50 kwa sababu tu "gari limezeeka". Injini inayokula oili inaweza kuhitaji nzito kidogo. Inayopiga kazi vizuri haihitaji. Injini ya 1NZ inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta, na kopo ni la lita nne. Fundi akimimina kopo lote umezidisha. Mwambie asimame kwenye alama ya juu ya kijiti cha kupimia, kilichobaki uondoke nacho. Na kopo tupu toboa mwenyewe kabla hujaliacha. Kopo zima lenye nembo lina soko, na kuna watu kazi yao ni kulijaza tena.

Zamani mwaka wa gari ulikuwa na alama zake. Ada ya leseni ya gari ililipwa kila mwaka mpaka bajeti ya 2017 ilipoiondoa na kuihamishia kwenye mafuta, na watu wengi walikuwa na desturi ya kulikagua gari siku hizo hizo. Siku hizi tarehe pekee ambayo mwenye gari hawezi kuikwepa ni ya bima. Itumie. Bima inapoisha Machi, sevisi moja iwe Machi na nyingine Septemba. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama haitoshi kuwa sevisi. Askari anaangalia taa, breki na tairi, hamwagi oili ya mtu.

Ukiweza kuchagua, Machi ni mwezi mzuri wa kuanzia. Masika yanakaribia, na barabara ya ndani ya Mbande au Wazo inageuka mto. Waipa, pedi za breki, betri na raba za ekseli viangaliwe kabla ya mvua, maana raba iliyopasuka ikishaingiza maji na mchanga, jointi haichukui muda. Mvua zikiisha, mwezi Juni, rudi kwa dakika chache chini ya gari: bushi, boli jointi, shokapu, alaimenti. Mashimo ya masika hayalipwi mwezi ule ule.

Siku ya wiki nayo ina uzito. Jumamosi kila mwenye gari yuko gereji. Fundi ana magari manne yaliyofunguliwa, kijana wake amekwenda Kariakoo kutafuta filta, na oili yako inamwagwa na mwanafunzi huku injini ikiwa imepoa, uchafu umebaki chini. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, injini ikiwa bado na moto wa kutoka nyumbani, na simama hapo. Ukiwa upande wa Temeke, wapo vijana waliopita VETA pale Chang'ombe ambao hufanya kazi yao kwa utaratibu na hawakasiriki ukiwauliza. Fundi anayekasirika ukisimama pembeni, lipa ulichodaiwa na usirudi.

Na Desemba. Wanaokwenda Moshi, Bukoba na Mbeya kula Krismasi wote hukumbuka gari wiki ya pili ya mwezi huo. Gereji za Sinza na Tandika zinafurika, vipuri vya Ilala vinapanda bei, na kazi inafanywa usiku kwa tochi ya simu ili mteja aondoke alfajiri. Gari linalotoka kwenye sevisi ya namna hiyo linakwenda kujaribiwa barabara kuu likiwa limebeba watu watano na magunia. Safari ndefu ifanyiwe sevisi katikati ya Novemba, halafu gari litembee mjini wiki mbili au tatu. Boliti ya oili isiyokazwa sawasawa itaonyesha tone kwenye sakafu ya nyumbani, na filta bandia itaanza kuvuja ukiwa bado umbali wa bodaboda na fundi wako. Hiyo safari ya kwenda na kurudi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kuu, saa chache za injini kuliko wiki mbili za foleni ya Mwenge, kwa hiyo ukirudi Januari huna haja ya kumwaga oili kwa sababu ya safari peke yake. Pima kijiti, ongeza ile oili iliyobaki kwenye kopo kama imepungua, na uendelee mpaka Machi.